Jibu kwa msomaji wa Winnipeg: kwa nini ulianguka siku iliyokuwa na joto zaidi

Swali: Nilihamia Winnipeg, Kanada, kutoka Likoni, Mombasa, mwezi wa tisa. Mwanzoni mwa Novemba, simu ikionyesha nyuzi 2 chini ya sifuri, ilinyesha mvua ya maji kabisa, si theluji. Chuma cha kushikia ngazi na waya wa kuanikia nguo viligeuka barafu tupu, lakini barabara ilibaki na maji tu na basi likapita kama kawaida. Siku kumi na mbili baadaye, baada ya wiki nzima ya baridi kali, simu ilionyesha nyuzi 1 juu ya sifuri, mvua ikanyesha tena, nikatoka bila wasiwasi na nikaanguka hatua tatu kutoka mlangoni. Kesho yake ilikuwa nyuzi 17 chini. Nikamwaga chumvi ya barabarani niliyoinunua dukani, haikufanya lolote. Mvua inawezaje kunyesha kwenye baridi ya kugandisha, na barafu ikawepo kwenye joto? Na kwa nini hali ya hewa ya huku haitulii?

Jibu: Pole sana kwa kuanguka, dada. Mambo mawili uliyoyaeleza yanaonekana kama yanapingana, lakini chanzo chake ni kimoja: simu yako inakupa namba moja, ilhali mvua ya aina hii inaamuliwa na joto la mahali patatu. Kuna joto la hewa ya juu, kilomita moja hadi tatu kutoka ardhini. Kuna joto la hewa ya hapa chini, ambalo hupimwa kwa kipimo kilichowekwa karibu na kimo cha mtu, mara nyingi uwanja wa ndege. Na kuna joto la kitu chenyewe kinachoangukiwa na tone, yaani chuma, lami, zege au tawi la mti. Simu husema hilo la katikati tu, na kwa shida yako hilo ndilo lenye msaada mdogo kuliko yote.

Tuanze na la juu. Ukitazama mvua ya ngurumo ikiipiga Likoni wakati wa masika, huwezi kuwaza barafu, lakini sehemu kubwa ya mvua ya mawingu marefu kama yale huanza ikiwa barafu. Karibu na ikweta inabidi kupanda hadi takriban mita 4,800 ndipo ufikie hewa ya kiwango cha kuganda, na ndiyo sababu kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, kina barafu huku Moshi watu wakitoka jasho. Chembe za barafu zinazozaliwa juu ya kiwango hicho huyeyuka njiani na kumaliza kilomita nne na zaidi zikiwa maji, kwa hiyo anayesubiri feri hapati habari zozote za asili ya tone linalomwangukia. Kwenu pwani ngazi ya joto ni ya kuaminika: kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi.

Kwenye nyanda za Kanada mwezi wa Novemba ngazi hiyo huvunjika. Hewa ya baridi inayoshuka kutoka Aktiki ni nzito, nayo hutandaa chini na kukaa kama maji yaliyomwagwa kwenye sinia. Bonde la Red River, ambamo Winnipeg imekaa, ni sakafu ya ziwa kubwa la kale la Agassiz lililoachwa na barafu iliyoyeyuka maelfu ya miaka iliyopita, na ubapa wake unaiacha baridi hiyo ilale bila kusumbuliwa. Wakati huohuo, mfumo wa mgandamizo mdogo wa hewa unapokaribia kutoka kusini, huvuta hewa yenye joto na unyevu, nyingine ikiwa imetoka mbali hadi Ghuba ya Meksiko. Hewa ya joto ni nyepesi, haiwezi kuisukuma ile nzito mara moja, kwa hiyo hupanda juu yake. Matokeo yake ni matabaka matatu: baridi juu kabisa, joto katikati, baridi chini.

Sasa ifuate chembe moja ya theluji inayoanguka kutoka juu. Ikipita kwenye tabaka la katikati ambalo joto lake halifiki hata nyuzi 1 juu ya sifuri, hutoka upande wa pili ikiwa theluji, imelowa kidogo tu. Tabaka likiwa na nyuzi 1 hadi 3, huyeyuka nusu, ikabakiza kiini cha barafu, na inapoingia kwenye baridi ya chini hujigandisha upya kukizunguka kiini hicho, ikakufikia ikiwa punje ngumu inayorukaruka kwenye kibaraza. Tabaka likizidi nyuzi 3, huyeyuka yote. Hapo inakuwa tone la maji halisi linaloingia katika hewa iliyo chini ya sifuri, nalo haligandi.

Kwa nini haligandi? Tulifundishwa shuleni kwamba maji huganda kwenye sifuri, na somo hilo lina kasoro ndogo. Sifuri ni kiwango ambacho barafu huyeyuka; maji kuanza kuganda kunahitaji pa kuanzia, kipande cha barafu au chembe ya vumbi ya aina inayofaa. Matone madogo ya maji safi yasiyo na pa kuanzia yanaweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 38 chini. Huenda umewahi kuliona jambo hili kwenye friza: chupa ya maji iliyosahaulika ikatoka ikiwa bado maji, ukaigonga mezani, na mbele ya macho yako ikajaa barafu kutoka shingoni hadi kitakoni. Tone la mvua lipo katika hali hiyohiyo. Tabaka la baridi la chini likiwa na mita 500, tone linaloanguka mita tano kwa sekunde hulipita kwa dakika moja na nusu hivi, na muda huo hautoshi kuligandisha. Linafika likiwa maji yenye nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri, na linapogusa chuma baridi linapata pa kuanzia.

Hata hapo haligandi lote kwa mara moja, na hili ndilo linaloifanya barafu yake iwe mbaya kuliko nyingine. Maji yanapoganda hutoa joto, tena joto jingi. Tone lenye nyuzi 2 chini likianza kuganda, joto linalotoka hulirudisha kwenye sifuri baada ya sehemu mbili na nusu tu kati ya mia kuwa barafu. Zilizobaki ni maji, yanatiririka, yanatambaa, yanaingia kwenye kila ufa wa rangi na kila kifundo cha waya, kisha yanaganda polepole kadiri kitu kilichoguswa na upepo vinavyochukua lile joto. Kwa sababu huganda taratibu, hayafungi hewa ndani yake, hivyo barafu inatoka angavu kama kioo cha dirisha. Ukiukata utepe wa barafu hiyo kutoka kwenye kitawi cha mberoshi utaona kila jani la sindano limefungwa peke yake, kijani kibichi, bila doa. Ikilala juu ya lami huioni kabisa, unaiona lami.

Hilo linatuleta kwenye joto la tatu, ambalo ndilo lililokuangusha. Siku ile ya kwanza, mwanzoni mwa Novemba, ardhi ilikuwa bado na akiba ya kiangazi. Udongo na lami hupoa polepole. Hewa inaweza kuwa nyuzi 2 chini huku lami ikiwa nyuzi 2 au 3 juu, na mvua ikaanguka juu yake ikabaki maji. Chuma cha ngazi na waya wa nguo havina akiba yoyote, vimezungukwa na hewa pande zote, na hupoa kwa dakika chache. Ndiyo sababu madaraja huganda kabla ya barabara zinazoyaunganisha: hewa ya baridi hupita juu yake na chini yake. Dereva aliyetoka salama kwenye lami yenye maji tu huingia darajani kwa mwendo uleule na kukuta sakafu nyingine kabisa.

Siku ya pili mambo yalikuwa yamepinduka. Wiki ya baridi kali ilikuwa imelinyonya zege la njia yako joto lote, na huenda lenyewe lilikuwa nyuzi 5 au 6 chini. Hewa ikapanda hadi nyuzi 1 juu, mvua ikanyesha, na kila tone lililogusa zege likaganda. Simu haikukudanganya, ilikueleza habari za hewa, nawe ulikuwa unakanyaga zege. Tena barafu iliyo karibu na sifuri, yenye utando mwembamba wa maji juu yake, huteleza kuliko barafu kavu ya nyuzi 20 chini. Wenyeji wengi hutembea Januari kwa kujiamini na kuvunjika mikono Novemba, na sikulaumu hata kidogo kwa kuona nyuzi 1 juu ukadhani ni habari njema.

Kuhusu kutotulia kwa hali ya hewa, wewe mtu wa pwani una neno lake tayari. Mabaharia wa huko huita tanga mbili, au maleleji, kile kipindi ambacho kaskazi na kusi vinapokezana na upepo hauna mwenyewe. Novemba ya Winnipeg ni maleleji ya aina yake. Wastani wa joto la Oktoba ni takriban nyuzi 5 juu ya sifuri, Novemba takriban 5 chini, na Desemba takriban 13 chini. Mji unaporomoka nyuzi kumi na nane kwa miezi miwili, na wastani huo umeficha siku zinazorukaruka kwenda na kurudi. Milima ya Rocky husimama kutoka kaskazini hadi kusini na kuzuia hewa ya Pasifiki, lakini hakuna mlima wowote wa kukatiza kutoka mashariki hadi magharibi kati ya Aktiki na Ghuba ya Meksiko. Hewa mbili zisizofanana hata kidogo zinakutana uwanjani pasipo ukuta, na mpaka wao hutangatanga juu ya paa lako.

Mifumo miwili ndiyo inayousogeza mpaka huo zaidi. Mmoja huzaliwa upande wa mashariki wa milima huko Colorado, Marekani, na kupanda kaskazini-mashariki. Huu hubeba unyevu mwingi, nao ndio hasa wa kuogopwa kwa mvua inayoganda. Mwingine hutoka Alberta, jimbo la magharibi mwa Kanada, hupita mbio kuelekea kusini-mashariki ukiwa na theluji kidogo na upepo mkali, na huitwa Alberta clipper, jina la zile merikebu za tanga za zamani zilizosifika kwa mwendo. Upepo wa Chinook, unaoshuka mashariki ya Rocky na kujipasha karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita unayoshuka, ni sifa ya Alberta zaidi kuliko Manitoba, jimbo lenu, ingawa siwezi kuutaja bila kutaja Spearfish ya South Dakota, ambako tarehe 22 Januari 1943 upepo wa namna hiyo ulipandisha joto kutoka nyuzi 20 chini hadi nyuzi 7 juu kwa dakika mbili.

Mfuatano wako wa mvua na kisha nyuzi 17 chini ni kupita kwa mfumo wa Colorado tangu mwanzo hadi mwisho. Mbele ya kitovu chake upepo ulitoka mashariki au kusini-mashariki na kuleta joto juu. Kitovu kilipopita, upepo uligeuka ukatoka kaskazini-magharibi, na kila kilichokuwa maji au theluji nzito kikawa jiwe kwa saa chache. Kwa hiyo, ukisikia upepo umegeuka, hiyo ndiyo saa ya kutoka na koleo na kuondoa maji na matope ya theluji mlangoni. Ukiahirisha hadi asubuhi utahitaji shoka. Theluji ikishatanda na maziwa makubwa, Winnipeg na Manitoba, yakishaganda, baridi inakuwa na makao ya kudumu na mambo hutulia, kwa ukali lakini kwa utaratibu.

Huenda unajiuliza kwa nini utabiri ulibadilika mara tatu kwa siku moja. Rudi kwenye zile nyuzi 1 na 3 za tabaka la katikati: tofauti ya nyuzi moja, kilomita mbili juu, ndiyo inayoamua kati ya theluji, punje na ile barafu ya kioo. Tabaka hilo hupimwa hasa na maputo yenye vipimo yanayorushwa mara mbili kwa siku, ambayo kwa saa za Winnipeg wakati wa majira ya baridi ni saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kutoka vituo vilivyotengana mamia ya kilomita, kama The Pas kaskazini na Bismarck kusini ya mpaka. Kati ya puto na puto watabiri wana setilaiti, rada, taarifa za ndege na hesabu za kompyuta, na wanafanya kazi nzuri, lakini mwenye haki ya kusema neno la mwisho ni dirisha lako. Ukisikia punje zikigonga kioo kwa sauti kavu, kama mtu anayemwaga mchele kwenye ungo, ujue lile tabaka la joto tayari lipo juu. Zikianza kunyamaza na joto la nje bado liko chini ya sifuri, usifurahi: tabaka limenenepa na kinachoshuka sasa ni maji.

Kuna pia manyunyu yanayoganda, ambayo kwenye nyanda hizi hayahitaji tabaka la joto hata kidogo. Wingu la chini ambalo kilele chake hakijafika nyuzi 10 chini mara nyingi halina vianzio vya kutosha vya barafu, matone yake hukua kwa kugongana na kushuka yakiwa maji ya chini ya sifuri. Hayana sauti, hayaonekani kwenye taa za barabarani isipokuwa kama ukungu, na rada mara nyingi haiyaoni. Marubani huyaogopa kwa sababu nzuri: ndege ya abiria iliyoanguka Roselawn, Indiana, tarehe 31 Oktoba 1994 na kuua watu wote 68 waliokuwamo ilikuwa imezunguka katika matone ya aina hiyo ikisubiri kutua.

Usidharau uzito wa barafu hii ya kioo. Waya wenye unene wa sentimita moja ukivishwa barafu ya sentimita moja pande zote hubeba zaidi ya nusu kilo kwa kila mita; kati ya nguzo mbili zilizoachana mita 50, hiyo ni karibu kilo 28, zaidi ya nusu mfuko wa saruji unaoning'inia na kupigwa na upepo. Dhoruba ya Januari 1998 iliyolaza minara ya umeme Quebec na mashariki ya Ontario na kuwaacha mamilioni gizani ilikuwa ya mvua inayoganda. Kwenu Manitoba, tarehe 10 hadi 13 Oktoba 2019, ilikuwa theluji nzito yenye maji iliyokuta miti bado ina majani; maelfu ya nguzo yalivunjika na hali ya dharura ikatangazwa. Waya uliolegea hadi karibu na ardhi, hata kama mtaa wote hauna umeme, usiusogelee.

Na umeme ukikatika kwa saa nyingi, nakusihi jambo moja ambalo wenyeji hawatakuambia, kwa kuwa hawajui kama unalo: jiko la mkaa lisiingie ndani. Kule Likoni nyumba inapumua kwa madirisha, mlango na paa. Nyumba ya Winnipeg imezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, na gesi ya kaboni monoksaidi inayotokana na mkaa haina harufu wala rangi. Humlaza mtu usingizini na kumwacha hapohapo. Jenereta nayo ikae nje, mbali na dirisha. Hakikisheni kile king'ora kidogo cha gesi hiyo kina betri.

Kwa kutembea, kabla ya kushuka ngazi gusa chuma cha kushikia na kisha jaribu zege kwa unyayo mmoja huku ukiwa umeshikilia. Fupisha hatua, unyayo wote utue bapa, uzito uwe juu ya mguu wa mbele, mikono nje ya mifuko. Wenyeji husema tembea kama pengwini, na wanamaanisha hivyo. Kwa gari, usimwage maji ya moto kwenye kioo cha mbele. Mimi niliyafanya hayo mwaka wangu wa kwanza, tena nikiwa tayari na shahada ya elimu ya hewa, na ufa ulikimbia kutoka kona hadi kona kabla sijaweka birika chini. Washa injini, pasha kioo kutoka ndani, kisha kwangua. Siku ya onyo la mvua inayoganda safari ya Brandon, kilomita zaidi ya mia mbili za barabara wazi, ipishe tu. Hata matairi mazuri ya theluji hayashiki barafu ya kioo yenye maji juu yake.

Iliyobaki ni chumvi yako. Haikuwa mbovu. Chumvi ya kawaida ya barabarani hufanya kazi vizuri karibu na sifuri na huzidi kuwa mvivu kadiri baridi inavyoongezeka. Ikipita nyuzi 9 au 10 chini, usitegemee iyeyushe kitu kwa muda wa maana, sembuse nyuzi 17. Siku ile ya nyuzi 1 juu, ungeimwaga kabla mvua haijaanza, ingekusaidia sana. Kwa baridi kali zaidi tafuta kloridi ya kalisi, ambayo huuzwa kwenye maduka hayohayo kwa bei ya juu kidogo, au tumia mchanga mkavu, ambao hauyeyushi chochote ila unaupa mguu pa kushika, na ndio utakaouona jiji likiumwaga kwenye mitaa mingi. Weka ndoo yake ndani ya mlango, si nje, kwa sababu mchanga wenye unyevu ukilala nje usiku mmoja unatoka ndooni ukiwa bonge moja.